Mabati ya Dhamana

Mvua iliponyesha, Leonia aliyatambua mabati yake kwa sauti. Bati kuukuu hupokea mvua kwa mngurumo wa uchovu, lakini yale matatu yalikuwa bado mapya, na matone yaliyaangukia kwa mlio mkali, kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Alilala chali, macho kodo, akiisikiliza mali yake ikiimba nyuma ya nyumba, juu ya vichwa vya watu wengine. Kulikuwa kunapambazuka, na hiyo ndiyo siku aliyopewa ya kuhama.

Mwenye nyumba, Mama Verediana, alikwisha kumwambia bila kificho. Nyumba yote, vyumba vya mbele na vya uani, ilipata mpangaji: shirika la kuhudumia wakimbizi, watu wa magari meupe yenye antena ndefu, wanaolipa mwaka mzima kwa mkupuo.

"Si kwamba nimekuchoka, mwanangu," alisema. "Ila riziki ikibisha hodi, huiambii isubiri nje."

Leonia aliitikia. Tangu aache shule darasa la tano ili amuuguze mama yake, alikuwa mtu wa kuitikia. Mama yake alibaki kijijini Kidahwe chini ya paa la nyasi lililooza, na kila mvua zilipoanza alikihamisha kitanda kutoka pembe hii hadi ile, akikimbia matone ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwa ajili ya paa hilo Leonia alikuja mjini kufua nguo za watu. Alinunua bati moja moja, dukani kule mtaa wa Mwanga, akayaegemeza nyuma ya mlango, na kabla ya kulala aliyapapasa kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto.

Kisha Warundi walikimbilia huku kwa wingi, mji ukafurika, na wenye nyumba wakajifunza neno jipya: dhamana. Mpangaji aweke kitu. Akihama salama, arudishiwe. Leonia hakuwa na fedha. Mama Verediana alichungulia nyuma ya mlango.

"Basi weka hayo."

Leonia alidhani mabati yangebadilisha ukuta tu, yatoke nyuma ya mlango wake yaende nyuma ya mlango wa mwenye nyumba. Haukupita muda akayakuta yamepigiliwa misumari juu ya jiko la uani, ambalo nyasi zake zilikuwa zimeporomoka. Aliyahesabu kwa macho, matatu, akarudi kwenye ndoo yake ya nguo.

Na sasa, vita vilipozuka ng'ambo ya ziwa, jiko lile lilikuwa na wakazi. Mama Byamungu aliletwa na boti kutoka pande za Uvira, na kitoto mgongoni. Mama Verediana alimpa jiko, naye alichota maji, akatwanga, akafagia uwanja. Leonia hakuwa amezidisha salamu kwake. Ni vigumu kuzungumza na mtu aliyelala chini ya jasho lako.

Mvua ilikatika. Leonia alifunga furushi lake, akalifungua, akalifunga tena. Alifagia chumba kilichokwisha kufagiliwa. Akawa kiguu na njia kati ya mlango na uwanja, maana lori la Kasulu, lipitalo Kidahwe, lingeondoka sokoni kabla ya adhuhuri, na dereva alikubali kubeba mabati kwa sharti yafike mapema. Upande wa ziwa, wingu jingine lilikuwa likijikusanya.

Mwishowe miguu ilimfikisha barazani. Mama Verediana alikuwa akichambua maharage. Kando yake palikuwa na rundo la mabati mapya, yaliyoletwa jana kwa ajili ya kukarabati upande wa mbele.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hujaondoka tu? Lori litakuacha."

"Naondoka. Nime... nimekuja kwa ajili ya dhamana yangu."

"Umefagia?"

"Nimefagia."

"Umekaa vizuri, sikudai kitu." Alipuliza makapi. "Mabati yako hayajapotea. Yako kule juu. Nyundo iko karibu na kinu. Panda uyashushe."

"Lakini yalikuwa mazima, Mama. Sasa yana matundu."

"Kwani sisi si Waha? Ukimpelekea jirani ng'ombe akutunzie, hamkamui? Au anakaa kumtazama kama picha ukutani? Aliyetunza amekunywa maziwa, basi. Hakuna aliyeiba."

Leonia aliichukua nyundo. Alijua kwamba hakupewa ruhusa bali alipimwa. Mama Verediana alikuwa ameweka haya za Leonia kwenye mzani, akaziona nzito kuliko mabati matatu.

Alisukuma pipa hadi kwenye ukuta wa jiko, akapanda. Kutoka pale, katikati ya mapaa, ziwa lilionekana la kijivu, na milima ya ng'ambo imefichwa na wingu. Alichomeka ulimi wa nyundo chini ya msumari wa kwanza, akavuta. Msumari ulilia. Ndani, mtoto alikohoa.

Mama Byamungu alitoka, mikono ikichuruzika maji. Alitazama juu bila mshangao.

"Unashusha yote, dada?"

"Ni yangu," Leonia alisema, uso ukimwaka.

"Ninajua. Mama aliniambia siku ya kwanza."

Akaingia ndani. Leonia alisubiri kilio, au matusi. Kwa matusi angepata nguvu. Badala yake mwanamke alitoka na mkeka, kisha sufuria, kisha kibegi, akavipanga kando ya ukuta kwa wepesi wa mtu aliyeizoea kazi hiyo. Alipomaliza, alikuja akalishika pipa lisiyumbe.

"Anzia upande ule, dada. Huku mutoto amelala. Misumari isimuangukie."

Leonia aliutazama mkono ule ulioshika ukingo wa pipa. Ulikuwa na vidole vigumu, vilivyokauka kwa maji na majivu. Aliufahamu. Mkono kama huo ndio ukokotao kitanda Kidahwe kutoka pembe hii hadi ile, bila kumlaumu mtu.

Aliugeuza uso wa nyundo, akaurudisha msumari ndani kwa pigo moja. Kisha akashuka.

Hakujua angesema nini mpaka alipofika barazani. Akakaa, na mahali alipokaa palikuwa juu ya lile rundo la mabati mapya.

"Mama, mwenye ng'ombe akimtaka ng'ombe wake, hurudishiwa nini?"

Mama Verediana aliinua macho. "Ng'ombe."

"Na kama amekufa?"

"Huletewa ngozi, aione."

"Wangu hajafa. Bado anakamuliwa. Maji yako anachota nani? Mahindi yako anatwanga nani? Maziwa umekunywa, Mama, wala sikudai. Mimi nataka ng'ombe. Nipe matatu kati ya haya, na yale ya jikoni yawe yako."

"Haya ni ya kazi ya shirika!"

"Kazi ya shirika si wakimbizi? Basi yale ya jikoni tayari yanaifanya."

Ungo ulitua chini kwa kishindo. "Inuka hapo."

"Siinuki, Mama."

"Shikamoo yako imeishia wapi, wewe mtoto?"

"Shikamoo, Mama," Leonia alisema. "Lakini siinuki."

Mama Verediana aliingia ndani, akaubamiza mlango. Leonia alibaki peke yake juu ya mabati. Huko sokoni lori lilipiga honi. Miguu yake ilitaka kukimbia. Kila mshipa ulimwambia achukue furushi aende, asamehe, aitikie. Alishika ukingo wa bati kwa mikono yote miwili kama anayeogopa kupeperushwa.

Mama Byamungu alikuja na mtoto mgongoni, akakaa upande wa pili wa rundo.

"Lori lako ni lile?"

"Ndilo."

"Watu wa shirika wakija, watatupeleka kambini," mwanamke alisema. "Ungeshusha tu, dada. Ni siku chache."

Leonia alitazama wingu. "Leo mvua itanyesha."

"Leo, ndiyo."

Honi ililia mara ya pili, ndefu. Ndipo mlango ulipofunguka, na kamba ya katani ikarushwa, ikaangukia miguuni pa Leonia.

"Utayafunga na nini?" Mama Verediana alifoka kutoka gizani mwa chumba. "Na huo mdomo wako mpya?"

Leonia aliinuka. Alihesabu matatu kutoka kwenye rundo, akayafunga kwa kamba. Mama Byamungu alimtwisha mabati juu ya ngata, akampachika furushi kwapani, kisha akakimbia uani kurudisha mkeka na sufuria ndani.

Leonia alikuwa hajafika njiani mvua ilipoanza. Tone la kwanza lilipiga bati juu ya kichwa chake, kisha la pili, kisha yakamiminika yote. Mlio ulikuwa mkali, kama mchele kwenye sinia, na nyuma ya nyumba mlio wa namna ileile uliitika. Leonia aliongeza hatua kuelekea kwenye honi, akisikiliza huku na huku, asijue tena yapi kati ya yale yalikuwa ya kwake.