Soda ya Mkutano wa Maji ya Nyuklia

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye mkutano wa kimataifa, ukumbi umejaa bendera. Nchi moja ya mbali ilitaka kumwaga baharini maji ya kinu chake cha nyuklia, maji yaliyokwisha kusafishwa, na sisi tunaoishi kwa bahari tuliitwa tushirikishwe. Nilikwenda na swali moja tu. Mke wangu Mwanakombo analima mwani, kila maji yakipwa yumo baharini. Nilitaka kujua mwili wake utapata nini.

Mlangoni nikapewa soda. Joto lilikuwa kali, nikaimaliza nimesimama, kama tufanyavyo kwenye semina zote.

Maji yenyewe yamekaa kiti cha mbele, yamevaa suti na tai, yameshika cheti.

"Hamjambo wadau," yanasema. "Mimi ni salama."

Nanyoosha mkono. "Naitwa Faki, natoka Pemba. Mke wangu..."

"Swali lako lina hasira kupita kiwango," ananikata mwenyekiti, ambaye ni mizani ya dukani. Mshale wake umekwenda mpaka mwisho. "Lichanganye na shukrani mia moja, ndipo limwagwe ukumbini."

Nashukuru. Namshukuru mwenyekiti, wakalimani, zulia, feni. Nikifika shukrani ya mia, swali limebaki neno moja: "Mke."

"Safi kabisa," inasema mizani. "Sasa liko chini ya kiwango. Halihitaji jibu."

"Mpuuzi wee! Mmetuita tuulize au tushukuru?"

Mara ukumbi haupo. Tuko ufukweni kwetu, bendera zimechomekwa mchangani, na Mwanakombo yuko kule kwenye kamba zake za mwani, amenipa mgongo. Maji ya kinu yanavua viatu, yanakunja suruali.

"Ngoja!" napiga kelele. "Mimi sijakubali! Sijatia sahihi popote!"

"Nani kakuomba ukubali?" yanauliza kwa upole. "Tulitakiwa kukushirikisha tu. Aliyekunywa soda ameshirikishwa. Kanuni ya saba."

"Nimekunywa kwa kiu!"

"Kiu yako imeingizwa kwenye kumbukumbu."

Yakatia mguu baharini.

"Mwanakombo! Toka humo!"

Akageuka. "Umewauliza?"

"Nimewauliza."

"Wamesemaje?"

Nilitaka kutukana. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Tunashukuru."

"Baba Shaame, unamshukuru nani usingizini?" Ilikuwa sauti yake kweli, mlangoni, kamba begani. "Amka, kumekucha. Mimi natangulia, maji yanakupwa."

Nikabaki kitandani na hasira zangu. Ngumi yangu ilikuwa imefumbata kitu. Nikaifungua: kizibo cha soda, na nyumbani kwetu soda haijaingia tangu Idi. Kwa ndani, pale wanapoandika zawadi, pameandikwa UMESHIRIKISHWA.

Nikatoka mbio bila shati. Mwanakombo alikuwa keshaingia, maji yamemfika magotini.