Bibi Harusi wa Bisil Hageuki

Kujiajiri ni raha tupu. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo hapa Kitengela, katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu alikuwa Bwana Kiragu, kijana wa suti ya kubana ambaye, kwa nilivyomsikia, hajawahi kuuza hata fungu la nyanya. Alisema anayeendesha biashara peke yake lazima ajitunze, apumzike na agawe kazi. Nikamuuliza nimgawie nani. Akacheka, akasema hilo ni swali zuri sana, kisha akaendelea na mambo mengine.

Basi nikarudi dukani kujigawia kazi. Mimi Wayua, fundi wa nguo za harusi, ndiye mkurugenzi. Mkurugenzi akimaliza kukata kitambaa anashika ufagio. Akimaliza kufagia anapokea simu kwa sauti nyororo ya sekretari, halafu anajiomba ruhusa ya kwenda msalani na kujinyima, maana akitoka hakuna wa kubaki na duka. Malaria imenipata nikiwa kwenye cherehani na imeniacha papo hapo. Niliomba siku moja ya kulala, bosi akakataa. Yule mwanamke hana utu.

Usidhani sikuwa na wa kunisaidia. Mlango unaotazamana na wangu ni wa Soipan, mtunga shanga, mwenye mikono mizuri na mdomo usiojua likizo. Kila akinikuta nimeinama juu ya kazi, husema, "Wayua, si unipatie hata hiyo pindo nikushonee? Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mimi sina chawa," humjibu.

Sababu yangu ilikuwa nzito: mteja aliyekuja kwa Wayua ashonewe na Wayua. Nilijivunia jambo hilo kana kwamba kuna watu walikuwa wananiandalia kikombe cha ushindi kila Desemba.

Ni Soipan huyo huyo aliyeniletea kazi ya Bisil, kwao Umaasaini. Nailantei, binti wa kaka yake, alikuwa anaolewa na alitaka gauni jeupe lenye shanga shingoni. Soipan angetunga shanga, mimi ningeshona gauni. Harusi ya Bisil si mchezo. Watu wa pale wamezoea kukagua ng'ombe sokoni kuanzia pembe hadi kwato, na macho hayo hayo ndiyo huja nayo kwenye harusi. Gauni likipendeza, akina mama wote wa barabara ya Namanga watanitafuta. Likiharibika, nirudi kutia viraka kaptula za shule hadi nizeeke.

Sasa, nina mazoea yangu. Mgongo wa gauni la harusi siumalizii dukani. Bibi harusi hunenepa kwa raha au hukonda kwa mawazo, kwa hiyo napiga bandi tu, ule mshono mrefu wa kushikiza, na siku yenyewe, akishavaa, namalizia kwa mkono. Kwetu Ukambani hilo halijawahi kuleta shida. Hata akiwa ameshafika kwenye gari, unamwita, anarudi ndani, unamshona, na watu wanaendelea kuimba.

Soipan alitangulia na gauni siku moja kabla ya harusi. Akaniuliza, "Na hapa mgongoni, nikipiga sindano si itakuwa sawa?"

"Usiguse," nikamwambia. "Nitakuja mwenyewe mapema."

Mapema! Asubuhi nilikuwa nafunga kufuli wakati mama mmoja alipotokea na sare ya mtoto iliyochanika. Akafuatwa na mwingine ambaye hakuwa na nguo yoyote, alitaka kuuliza tu. Duka lenye watu, mmoja wao angewaambia fundi amesafiri. Langu lilikuwa na mimi, na mimi ndiye nilikuwa nasafiri. Nilipofika Bisil, wazee walikuwa wameshabariki, maziwa yameshanyunyizwa, na Nailantei amevuka lango la boma, kichwa ameinamisha, wanawake wakiimba nyuma yake.

Soipan aliniona, akaja mbio. "Hii ndiyo mapema yenu?"

"Mwambie arudi ndani kidogo nimalizie."

Alinitazama kama aliyesikia tusi. "Arudi? Wayua, huyo ametoka! Msichana akitoka kwa baba yake siku ya harusi harudi, na hageuki nyuma. Akigeuka anakuwa jiwe."

"Dakika tano tu, Soipan."

"Jiwe haina dakika tano."

Hapo ndipo nilipoiona bandi ikiachia. Ilianzia chini ya shingo, ikawa inakatika kila msichana alipopiga hatua, na kitambaa kikaanza kufunguka mbele ya ukoo mzima. Nikafungua mdomo nimwite Nailantei. Soipan akanifunika kwa kiganja.

"Usimuite! Akigeuka utaambia mama yake nini?"

Basi nikatunga uzi, nikainama, nikaanza kumshona bibi harusi huku anatembea. Mungu ni mwema, bibi harusi wa Kimaasai hatembei kwa haraka. Lakini kazi yenyewe ilitaka mkono wa kubana kitambaa, mkono wa sindano, na mwingine wa kuinua pindo nisilikanyage. Nilitazama mikono yangu, ilikuwa ile ile miwili ya kila siku. Nikivuta kulia, kushoto kunaachia. Jasho likaniingia machoni. Vijana wakatoa simu na kuanza kunirekodi, bila shaka kwa ajili ya kutangaza biashara yangu.

Bibi mmoja mzee akauliza kwa sauti hii ni nini. Soipan akamjibu bila aibu, "Yeiyo, mama yetu, ni baraka ya Wakamba. Hao ndio hufanya hivi." Bibi akaridhika, akanitemea mate ya baraka shingoni. Sikuyafuta. Nilikuwa nayahitaji kuliko mtu yeyote pale.

Uzi ukakatika. Mgongo wa mtoto wa watu ukaachia hadi kiunoni, na gari la kumpeleka kwa mume lilikuwa bado mbali. Nilijua neno ninalopaswa kulisema, na lilinipanda kooni polepole kama mwiba wa samaki.

"Soipan, nisaidie. Shika hapa."

Sikumaliza kusema. Alikuwa ameshabana kitambaa kwa mkono mmoja, mwingine umeinua pindo, na bega lake limenikinga na zile simu. Hakunicheka wala hakunikumbusha lolote, na kwa mdomo ule, hiyo ilikuwa zawadi kubwa. Nikatunga uzi upya. Sindano ikaanza kwenda.

Mabega ya Nailantei yalikuwa yanatikisika. Nilidhani anatucheka, nikataka kukasirika. Kumbe alikuwa analia. Amemwacha mama yake mlangoni na haruhusiwi hata kumtupia jicho, na huko anakokwenda hajui ataishi na watu gani. Akasema kwa sauti ndogo, uso ukiwa mbele, "Ni nani ako huko nyuma yangu?"

Roho iliniuma. Miaka yote hiyo nimekaa kwenye cherehani nikitamani kuuliza swali hilo hilo, na nilikuwa nimeapa kwamba hakuna atakayenisikia nikiliuliza. Nilitaka kumjibu kwamba ni mimi. Nikaitazama mikono iliyokuwa kwenye lile gauni.

"Ni sisi," nikamwambia. "Tembea tu, mama. Tuko."

Akanyoosha shingo, akatembea. Soipan akavuta kamasi, akanisogezea kitambaa, tukaendelea kushona.