Maili ya Methusela

Mwaka hamsini na sita, nikiwa darasa la nane Tanga, nilishinda mbio za maili katika mashindano ya jimbo. Kesho yake tukaambiwa mwandishi wa gazeti anakuja shuleni kunihoji. Mwalimu Jumbe, mwalimu wetu wa michezo, akaniandikia majibu matano kwenye karatasi.

"Yahifadhi kama ulivyohifadhi sura za Kurani chuoni," akasema. "Usiruke hata neno."

Nikahifadhi. La kwanza, naishukuru serikali. La pili, naishukuru shule. La tatu, Mwalimu Jumbe ndiye aliyenifundisha mbio. Hilo si kweli. Aliyenifundisha ni Methusela, mkata mkonge, mtu wa bara, jirani yetu pale Mabawa. Akimaliza kazi yake ya siku na jua bado lipo, hunipeleka kwenye reli ya matroli ya mkonge akanikimbiza juu ya mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli. "Matatu vuta pumzi, matatu toa. Ukikosea utang'oka kucha, na kucha ni mwalimu."

"Mwalimu, na Methusela je?"

"Mkata mkonge na gazeti wapi na wapi? Ukiniharibia, Dar es Salaam huendi. Atakwenda Uweso, aliyekuwa wa pili."

Dar es Salaam kulikuwa na mashindano ya Tanganyika nzima. Kila nilipolala niliota uwanja ule.

Mwandishi akaja, Bwana Haji, mwembamba, penseli sikioni. Nikampa shikamoo, tukakaa. Mwalimu akasimama nyuma yangu, mkono begani kwangu.

"Una umri gani, kijana?"

Chuoni ukianza sura huanzii katikati. Nikaanza juu. "Naishukuru serikali kwa kutupatia uwanja."

"Hee! Na baba yako anafanya kazi gani?"

"Naishukuru shule yangu."

Bwana Haji akaweka penseli chini. "Nakuuliza wewe, wanijibu kama santuri! Haya niambie, mzunguko wa mwisho wenzako wanahema kama mbuzi wa kuchinjwa, wewe umefumba mdomo. Nani kakufundisha?"

Safari hii swali na jibu vimekutana. La tatu lilikuwa ulimini. Vidole vya Mwalimu vikanifinya bega.

Nikasimama, mkono wake ukaanguka.

"Methusela Noa, mkata mkonge, yuko Mabawa. Andika."

"Mtoto ana utani huyu," Mwalimu akasema.

"Sina utani. Wewe siku ya mashindano ndipo ulipojua nakimbia."

Bwana Haji akacheka, akaandika.

Dar es Salaam alikwenda Uweso. Gazeti lilipofika nikampelekea Methusela, nikamsomea, akataka tena.

"Umekosa safari kwa jina langu? Mjinga we!" Akakunja gazeti, akalitia mfukoni. "Vua shati."

Siku hiyo hatukwenda relini. Tuliingia uwanja wa shule mchana kweupe, yeye mbele, mimi nyuma, tukazunguka mara nne, maili kamili. Mwalimu Jumbe alitoka barazani kutufukuza. Tukampita mara zote nne, midomo imefumbwa.