Mkono wa Bahari

Mimi ndiye niliyemtia Amoit hamu ya bahari, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Nilirudi kutoka vita vya Burma nikiwa na meno yote na maneno mengi, na kila jioni nilimsimulia mke wangu maji ya Mombasa: yana chumvi hata hayanyweki, na mtu aweza kutazama mbele siku nzima asione ng'ambo. "Utanipeleka?" aliuliza. "Mwakani," nilimjibu. Nikapata kazi ya kugeuza njia za treni hapo stesheni ya Tororo, kazi yenye pasi ya bure ya mtu na mkewe mara moja kwa mwaka, na bado nikawa nasema mwakani. Mwaka huu ng'ombe anaumwa, mwaka ule paa linavuja. Nilikuwa mjinga, nasema wazi.

Mwaka wa hamsini na mbili akaanza kukohoa. Dresa wa zahanati, mganga wetu msaidizi, alinivuta pembeni akaniambia mapafu yamekwisha, huenda mvua zisiishe akiwa hai, na kwamba asinyeshewe hata kidogo. Likizo yangu iliangukia Aprili, mvua yenyewe. Wenzangu stesheni walinicheka kwa kwenda baharini wakati wa mvua, wakaniita mwoga wa jua. Sikuwajali. Jioni tulikaa kitandani tukipanga safari: kuku wawili wa kukaanga, blanketi, gauni lake la Krismasi. Alitaka kujua kama watu huvua viatu wanapoingia majini.

"Huvua," nilimwambia.

"Mimi sina viatu."

"Basi wewe umekwisha kujiandaa."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikajuta kumchekesha.

Siku mbili kabla ya kuondoka, habari ikafika stesheni. Mafuriko yalikuwa yamesomba tuta la reli upande wa Kenya, na treni hazingepita kwa wiki tatu. Nilisimama na pasi mkononi. Wiki tatu Amoit hakuwa nazo.

Nyumbani nilimkuta amelijaribu lile gauni. Lilimpwaya mabegani. Nikamwita kwa jina la mtoto wetu, na hapo uongo ukanitoka wenyewe.

"Mama Ilukor, safari imekuwa fupi. Bahari ina mkono, umenyooka mpaka karibu na Lumino. Tutakwenda kwa lori."

Alilivuta gauni mabegani, akanitazama. "Na maji yake?"

"Chumvi tupu."

Tulipofika Busia nilimwacha kwenye lori la samaki, nikaingia dukani kununua chumvi ya mawe, nikaificha mfukoni mwa suruali. Baada ya hapo lori lilikwama mara mbili kwenye tope na turubai likavuja. Nilimfunika kwa blanketi na koti langu, lakini alilowa. Kila alipokohoa nilijilaani, na sikumwambia dereva ageuze.

Ziwani, pale karibu na Lumino nilipopaita mkono wa bahari, mvua ilikuwa imeshika upande wa mbele, ng'ambo haionekani kabisa. Hapo tu ndipo mvua iliponisaidia. Nilimbeba, mwepesi kama kuni kavu, nikamketisha juu ya mtumbwi uliopinduliwa, miguu yake ndani ya maji. Alichezesha vidole. Kisha akasema anataka kuonja.

Nilichukua kikombe nikaenda nyuma ya matete, nikachota maji, nikamimina chumvi na kukoroga haraka kwa kidole. Mvuvi mmoja, Oguttu, alikuwa hapo anashona wavu.

"Mzee, wewe nafanya nini? Ziwa yetu nakosa chumvi?"

"Mke wangu anakufa," nilimwambia.

Akainamisha kichwa, akaurudia wavu wake.

Amoit alikunywa. Nilisikia kitu kikilia kati ya meno yake. Akaziba mdomo kwa kiganja, akakohoa muda mrefu.

"Ni chumvi kweli," alisema. "Baba Ilukor, hukunidanganya."

Alikufa baada ya siku tisa. Kabla ya hapo jirani yetu Agwang alikuja kumjulia hali, na mdomo wake kama kawaida haukuwa na breki.

"Lumino? Hiyo iko ziwa, dada. Huyu mzee nakudanganya."

Amoit hakuwa na sauti tena, lakini alijiinua kwa kiwiko. "Wewe umeonja? Mimi nimeonja."

Msibani Agwang ndiye aliyewaambia watu wote kwamba Okurut, yaani mimi, ni mwanamume kwelikweli, alimpeleka mkewe baharini. Walinipa mkono mmoja mmoja, na mimi nikaupokea.

Wanawake waliomwosha waliniletea leso yake. Pembeni kulikuwa na fundo, pale alipozoea kufunga vitu vyake vidogo. Nililifungua. Ndani kulikuwa na punje ya chumvi ya dukani, kubwa kama punje ya hindi, imevunjika upande mmoja, na kitambaa kimelowa kuizunguka.

Nikaitia kinywani, nikakaa nayo mpaka ikaisha.