Begi Lisilovuja

Fortunatus alikuwa amepiga magoti uani akipanga vipande vya matofali ndani ya begi la turubai. Vipande hivyo vilikuwa badala ya bata wa kuwinda. Alilivaa, akafunga kifungo cha kifuani, akatembea mpaka mkoroshoni na kurudi. Halikumuumiza mabega.

"Chukua hilo tumalize," alisema Awadhi, mtani wake, Mmakua aliyepanda asubuhi kutoka Masasi na mabegi matatu ya mtumba. "Nyie Wamakonde mnachagua begi kama mnachagua mchumba."

"Mchumba akiniangusha nitainuka."

Awadhi alicheka, lakini alijua anasemwa nani. Mwaka jana Petro, mwenzao wa kuwinda, aliteleza kwenye bwawa kule bondeni karibu na Ruvuma. Alishika matete, akajivuta. Kila alipoinua kifua, begi lilimrudisha majini. Fortunatus alimshika vidole mpaka vidole vikamponyoka. Na kesho alfajiri wangeteremka mteremko uleule, kwa miguu, kwenda kwenye bwawa lilelile.

Mabegi mawili alikuwa ameshayaweka kando. La shule lilikuwa na mikanda ya kukatika. La pili lilikuwa na matundu ya wavu pembeni na chini.

Mkewe Ida alitoka kisimani, kile cha kukinga maji ya mvua kutoka batini, akiwa na ndoo kichwani. Aliitua, akapapasa mshono wa turubai. "Hili halipitishi hata tone. Hiki ndicho chombo."

Huko Newala, ambako maji ni ya shida, chombo hakina sifa kubwa kuliko hiyo. Fortunatus naye alikuwa amelipendea hilohilo. Lakini tangu asubuhi alikuwa akilijaribu likiwa kavu, na Petro hakufia pakavu.

"Mama Huruma, niazime hiyo ndoo."

"Ya nini?"

"Awadhi anijazie begini."

"Baba Huruma! Mvua bado, kisima kimebaki matope, wewe unataka kuvaa maji mgongoni?"

"Nataka kujua."

Ida alimtazama usoni, akasogea pembeni. Fortunatus alichuchumaa kama mtu anayetoka bwawani, akakamata shina la mkorosho. Awadhi akamimina.

Uzito ulikuja wote kwa mkupuo. Fortunatus alijivuta, akaanguka chali. Hakuna kilichovuja. Maji yalikaa mgongoni mwake kama mtu aliyemkumbatia, na mkanda ukambana kifua. Alikitafuta kifungo, kilikuwa kimekazwa na mzigo, vidole vikateleza.

"Kobe kapinduka!" alicheka Awadhi.

"Fungua," alisema Fortunatus. "Fungua!"

Awadhi aliyaona macho yake, kicheko kikakatika. Ida ndiye aliyeruka, akabana kifungo kwa mikono miwili, akakipiga kwa kiganja, mpaka kikaachia. Maji yalimwagika mchangani.

Walikaa chini wote watatu.

"La Petro nalo lilikuwa halivuji," Fortunatus alisema polepole. "Tulilisifu."

Awadhi alifuta uso. "Basi tushuke na lile la matundu."

"Kifungo chake ni hikihiki."

Walichochea moto jikoni, wakapasha msumari. Fortunatus alitoboa tundu la kwanza kwenye kitako cha turubai. Msumari uliteleza, tundu likaenda upande. La pili lilimshinda kabisa. Kifungo kilikuwa hakijaguswa, na jua lilishagusa miti.

"Kesho hatushuki," alisema.

"Bata watatucheka."

"Wacheke. Kesho nitoboe mengine, ning'oe kifungo, nitie kamba ya kufunguka kwa kuvuta mara moja. Halafu nijaribu tena."

Alisema neno hilo la mwisho kwa sauti ndogo, bila kumtazama mkewe. Ida aliokota ndoo tupu, akakung'uta mchanga.

"Nitakutekea nyingine," alisema.