Dakika Ishirini Hewani

Fundi alikuwa akisugua mota ya feni kwa mswaki wakati shemeji yake alipoingia bila hodi, akaibwaga mezani redio ya upepo, ile ya kuitana kazini.

"Izike," alisema. "Sitaki kuiona tena."

Shemeji huyo, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa nyapara wa machimbo ya kokoto yaliyo ng'ambo ya barabara. Alikuwa amefiwa na mke miaka minne nyuma. Redio hiyo alikuwa akiitembeza kiunoni mwaka wa kumi na tatu sasa, na hakuna binadamu aliyewahi kusifiwa naye kama alivyoisifia. Iliwahi kuanguka kutoka juu ya mashine ya kusaga mawe. Iliwahi kukanyagwa na tairi la katapila, ikashinda mchana kutwa ndani ya pipa la maji, ikaanikwa juani, ikaongea. Kampuni ilipoleta redio mpya, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichoisha, wenzake wakapokea, yeye akagoma.

"Imekufa?" fundi aliuliza.

"Afadhali ingekufa. Imekataa kunyamaza."

Fundi alikuwa ameshasikia kisa chote, maana mtaa mzima ulikuwa umeshasikia. Lakini hakutaka kujinyima raha. Akamsogezea kigoda.

"Hebu nieleze, shemeji. Fundi lazima ajue ugonjwa ulianzaje."

Ulianza Jumatatu, baada ya chai. Nyapara alijifungia stoo ya vipuri kufanya mazoezi ya maneno aliyotaka kumwambia karani wa mizani, mama mmoja mpole anayepima malori pale getini. Mwaka mzima alikuwa akienda kibandani kwake na maneno hayo mdomoni, na kila alipofika aliishia kuuliza tani. Siku hiyo akasimama mbele ya tairi la akiba, akakohoa, akaanza: "Mimi si mtu wa maneno mengi." Kisha akasema kwa dakika ishirini.

Alitaja upweke wake na nyumba yake, ambayo haivuji isipokuwa pembe moja. Akataja meno yake, yaliyobaki na yaliyoondoka. Wakati wote huo redio ilikuwa kiunoni, kitufe cha kuongelea kimezama na hakitaki kurudi, na kila redio ya machimbo ilikuwa ikimtangaza. Hakuna aliyeweza kumkatiza, kwa kuwa mmoja akishika hewa wengine kazi yao ni kusikiliza tu. Mwishowe mlinzi wa geti alikuja kwa miguu, akagonga mlango.

"Bosi," alisema kwa adabu, "umeshafika kwenye maumivu ya magoti. Mimi nakushauri uishie hapo."

Fundi aliinama kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake. Alikaa huko chini kwa muda.

"Cheka tu," nyapara alisema.

"Nacheka nini? Natafuta kifaa."

Alipoinuka aliifungua redio, na vumbi jeupe likamwagika mezani kama unga. Akamwonyesha. Gamba lilikuwa zima, na chuma cha ndani hakijapinda hata kidogo. Lakini kile kimpira kinachofunika kitufe kilikuwa kimekauka na kupasuka, vumbi la mawe likapenya likakishika kitufe.

"Redio za zamani haziuliwi na katapila, shemeji. Zinauliwa na vitu vidogo. Mpira huu. Na hivi vibati vya betri, vimeota kijani kwa jasho lako. Halafu antena inacheza shinani. Unaibeba kwa kuishika antena?"

"Mara mojamoja."

"Kama sungura."

Fundi akasafisha vibati kwa spiriti mpaka vikang'aa, akaichomelea upya antena, akakata kimpira kutoka redio mbovu ya rafuni na kukivisha. Kazi ilipokaribia kwisha akauliza, sasa bila utani, kama karani amesema lolote.

"Siku ya tatu leo hajasema kitu."

"Umemuuliza?"

"Napita njia ya nyuma."

Fundi akamtazama mzee huyu mwenye mabega kama kabati, anayewafokea madereva wa malori hadi wanazima injini. Akarudisha betri, akawasha, akabonyeza kitufe. "Najaribu redio. Kuna anayenisikia?"

Ikakoroma kidogo, kisha sauti ya mwanamke ikatoka, safi kabisa. "Mizani hapa. Hiyo redio ya nyapara imepona?"

"Imepona."

"Na mwenyewe?"

Fundi akageuka. Nyapara alikuwa amesimama, akitazama mlango. "Yupo, ila anakaribia kukimbia."

"Mwambie asikimbie. Jumatatu nilibonyeza kitufe mpaka kidole kikaniuma, nataka kumjibu, naye hanipi nafasi. Tangu hapo simwoni. Na jibu lenyewe silisemi hewani, maana najua wote mnasikiliza."

Mahali fulani machimboni mtu akakohoa redioni, akanyamaza.

Nyapara alijipangusa vumbi la suruali kwa mikono yote miwili, akatoka. Redio aliiacha mezani. Kutoka dirishani fundi alimwona akivuka barabara, akisita mbele ya njia ya nyuma, kisha akashika ya getini.

Alirudi baada ya saa nzima, akaketi kigodani. Fundi akajizuia kuuliza, akashindwa.

"Amekubali?"

"Amekubali kunisikiliza," nyapara alisema. "Anasema malori matatu yalipita Jumatatu, kuna sehemu hakuzipata vizuri. Ametaka nianze mwanzo."

"Ukaanza?"

"Nikaanza. Kwenye meno akanishika mkono, akasema inatosha."