Kipande cha Pafu la Nathanaeli

Nathanaeli alifariki mwaka 1976, baada ya kukohoa miaka miwili. Alikuwa mpiga dawa wa shamba la ujamaa la kijiji chao, milimani juu ya Gare. Kila msimu wa mvua alibeba bomba mgongoni akanyunyizia viazi mrututu, ile chumvi ya shaba, uliochanganywa na chokaa, na jioni alirudi kola ya shati imekuwa ya kijani. Walimtibu kifua kikuu. Dawa hazikusaidia.

Mkewe, Klara, alikuwa fundi wa maabara katika hospitali ndogo ya misheni. Kabla ya mazishi, Daktari Kristofa alimwomba ruhusa achukue kipande cha pafu, naye akakubali. Kipande hicho, kidogo kama harage, kiligandishwa ndani ya nta na kuwekwa kabatini. Kwa miaka mitatu, kila asubuhi Klara alifika kazini, akafungua kabati, akakitazama kabla ya kuvaa koti jeupe. Hakumwambia mtu. Kaburi lilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Hiki kilikuwa karibu naye.

Mwaka 1979 Daktari Kristofa alirudi kutoka masomoni Ujerumani.

"Ndugu Klara, wenzetu kule wana mashine mpya," alisema. "Inapiga mwanga mkali kwenye nukta moja ya nyama. Nukta inaungua, na chembe zinazoruka zinapimwa uzito. Nukta baada ya nukta, mpaka ichoreke ramani: hapa pana chuma, hapa pana shaba. Kama ni mrututu uliomwua Nathanaeli, tutaona ulipokaa."

"Kipande kinarudi?"

"Hakirudi. Kinaungua."

Klara aliomba wiki moja. Siku ya nane alikitoa kabatini, akakifunga kwenye mashine ya kukatia na kukata vipande vyembamba hata herufi za gazeti zilisomeka ng'ambo yake. Akaviweka vielee kwenye maji ya maabara vijinyooshe, akavikausha, vikapelekwa posta.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Shaba ilikuwa imetapakaa kila mahali, hata pembeni pasipokuwa na nyama. Picha haikufaa kitu.

"Basi tuache," Daktari alisema kwa upole. "Kilichobaki ni kidogo mno."

Klara hakuacha. Alinunua pafu la mbuzi kwa mchinjaji wa sokoni, akakigandisha kipande chake kwenye nta, akakikata na kukielesha majini vilevile, akamwomba Daktari alitume. Nalo likarudi limejaa shaba.

"Mbuzi hakuwahi kupiga dawa," Klara alisema.

Wakaenda kuangalia maji yalikotoka. Maji yote ya maabara yalichemshwa kwenye mtungi mmoja wa zamani, na mtungi huo ulikuwa wa shaba.

Tangu siku hiyo Klara alitega mvua kwa bakuli za kioo katikati ya uwanja, mbali na mabati. Pafu la pili la mbuzi, lililoelea kwenye maji ya mvua, lilirudi safi. Ndipo akakata nta iliyobaki. Aliikata polepole, akishika pumzi kila kisu kiliposhuka, mpaka pakabaki kitupu kile kibao nta ilipokuwa imebandikwa. Jioni hiyo hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa akiwa na koti lake jeupe, na muuguzi mmoja alidhani anaumwa.

Picha ilifika kutoka Ujerumani mwezi Machi wa mwaka uliofuata. Safari hii pembeni palikuwa peusi, hapana shaba, na ndani ya pafu nukta nyeupe za shaba zilikuwa zimejikusanya mafungu mafungu. Daktari alipanda mwenyewe kijijini kuwaeleza wapiga dawa wafunge vitambaa puani na wasipulize dawa kuelekea upepo unakotoka. Selemani, aliyeshika bomba baada ya Nathanaeli, alikuwa ameshaanza kukohoa. Alipewa kazi ya ghala.

Klara alimpelekea picha mama mkwe wake, Rahabu, huko Gare.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Klara akamweleza. Bibi akaipakata picha, akapitisha kidole juu ya zile nukta.

"Huyu ndiye mwanangu?"

"Ndiye, mama. Hizo nyeupe ndizo dawa."

"Na hapa pasipo na nukta?"

"Hapo hapakuwa na dawa. Hapo alikuwa bado anavuta pumzi vizuri."

Rahabu akaacha nukta, akaweka kiganja chote mahali hapo.

"Niachie," akasema.

Klara alikuwa na picha hiyo moja tu. Akamwachia. Alipofika kwenye kona, nyumba ilipokuwa karibu kupotea nyuma ya migomba, alisimama akatamani kurudi aiombe, aitazame mara moja tu. Alisimama hapo hadi wanawake wawili waliotoka kuchuma kabichi wakampita na kumsalimu. Akaitikia, akaanza kuteremka pamoja nao.